Mgongo wa Nguzo ya Mviringo

Mwezi uliopita tulimzika Ramazani, fundi wa vyuma. Tulipotoka makaburini tulirudi nyumbani kwake, tukaketi kwenye mikeka uani, tukanywa chai ya tangawizi. Kijana mmoja wa msikitini aliyekuwa akipitisha maandazi akaiona rozari iliyochungulia mfukoni mwangu, akaniuliza kwa adabu: "Baba, weye uko mukristu. Mulijuana na marehemu namna gani?" Wazee wenzangu wakanigeukia. Nikasema tulifanya kazi pamoja zamani, wakati mji huu ungali ukiitwa Élisabethville. Jibu hilo liliwatosha, wakaendelea na chai yao. Lakini nilipofika kwangu niliona nimempunja marehemu. Nimefanya kazi na mamia ya watu, na wengi wao hata majina siyakumbuki. Ramazani nilikaa naye mwaka mmoja tu kwenye ujenzi mmoja, na ndani ya mwaka huo kuna siku chache ambazo, kama zingekwenda vingine, nisingekuwa na moyo wa kuandika chochote leo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa mchoraji wa ramani kwa mjenzi mmoja Mbelgiji, katika ofisi ya vyumba viwili chini ya bati, upande ule wa mji ambao sisi watu weusi tulitakiwa tuwe tumeuhama kabla giza halijaingia. Chumba cha kwanza kilikuwa changu: meza iliyoinama, dirisha la kuelekea ghala la saruji, harufu ya wino na ya amonia tuliyotumia kutoa nakala za ramani, harufu iliyokuwa ikinichoma macho mpaka nikalia kila Ijumaa, siku ya nakala. Chumba cha pili kilikuwa cha injinia, Monsieur Wauters, na pangaboi lilikuwa huko. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba usiofika juu. Basi upepo wa pangaboi haukunifikia, lakini maneno yote yalinifikia. Nilisikia injinia akibishana na msimamizi wa ujenzi, Monsieur Corbet. Nilisikia mkewe akija kumwambia arudi nyumbani akalale kwa sababu figo zinamuua. Siku moja nilimsikia Corbet akiuliza, "Huyu wako, anajua anachokichora?" Wauters akajibu, "Anajua kuliko wewe," kisha wote wawili wakacheka. Mpaka leo sijui kama jibu lile lilikuwa sifa au mzaha.

Wauters ndiye aliyenifundisha hesabu. Si kwa wema mtupu, nafikiri. Alikuwa amechoka, na kuzidisha namba siku nzima kulimchosha zaidi. Alinipa rula yake ya zamani, ile rula ya hesabu yenye ulimi wa kuteleza katikati, akanionyesha namna ya kusoma, na baada ya miezi mitatu nikawa namalizia majedwali yake. Kutia sahihi sikuruhusiwa, wala kula ndani sikuruhusiwa. Chakula changu cha mchana nilikipeleka eneo la ujenzi, umbali wa dakika kumi kwa baiskeli, na huko ndiko nilikojuana na Ramazani. Watu wake walitoka Maniema, walikuwa waungwana wa kula wali, na kila siku aliiangalia bukari yangu baridi, ugali wetu, na ndakala wangu, wale dagaa wakavu, kama mtu anayemwona mgonjwa. "Muloko," aliniambia, yaani mdogo wake, "hii njo chakula ama njo saruji?" Kisha ananisogezea sahani yake ya wali na maharage bila kungoja jibu. Alikuwa mfupi, mwenye mikono iliyojaa makovu ya waya, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kusahau kwamba alikasirika.

Jengo lenyewe lilikuwa kibanda cha kungojea, mbele ya zahanati ya akina mama. Wanawake wajawazito na wenye watoto wa kupimwa walikuwa wakisimama juani tangu asubuhi, na dada yangu mkubwa Véronique, niliyemwita Yaya, alikuwa mmoja wao, mimba yake ikiwa imeshaonekana. Niliishi kwake na mume wake, fundi wa reli ambaye nusu ya mwezi alikuwa safarini. Nilipomwambia kwamba tunawajengea kivuli alifurahi kama mtu aliyejengewa nyumba. Mwenye kazi, yule aliyelipia jengo, alitaka jambo zuri: paa la zege lisilo na kuta, lililoshikwa na safu moja tu ya nguzo upande wa nyuma, na upande wa mbele likining'inia hewani bila kitu chini yake. Na nguzo ziwe za mviringo, zisiwe na pembe za kuwaumiza watoto. Kwenye ramani lilipendeza sana. Nililichora mimi kwa mkono wangu, na nilijivuna nalo.

Paa lilikuwa limeshamiminwa, na bado limeegemezwa kwa miti ya mikalatusi likikauka, wakati Wauters alipopelekwa hospitali kufanyiwa operesheni. Kabla ya kuondoka aliniachia jalada la hesabu za jengo hilo. "Lisafishe," aliniambia. "Nakili kila ukurasa kwa mwandiko wako mzuri, wanaokagua wasione uchafu wangu." Nikanakili paa, nikanakili misingi, nikafika ukurasa wa nguzo, kalamu ikasimama.

Naomba msomaji anivumilie kidogo, maana jambo lenyewe ni rahisi. Ukipinda fimbo mbichi, upande mmoja unabanwa na upande wa pili unavutwa. Zege ni hodari kwa kubanwa, lakini ukilivuta linapasuka, ndiyo maana tunatia vyuma upande unaovutwa. Katikati kuna mstari usiobanwa wala kuvutwa. Chuma kilicho mbali na mstari huo kinafanya kazi kubwa, na kilicho karibu nao kimelala tu. Nguzo zetu, kwa kuwa paa lote lilielemea upande mmoja, zilikuwa zikipindwa mchana na usiku. Kila moja ilikuwa na vyuma vinane vilivyopangwa kwa duara. Lakini injinia, kwa haraka au kwa maumivu ya figo, alikuwa ameugeuza mduara kuwa mraba wa ukubwa uleule, akaweka vyuma vinne nyuma na vinne mbele, vyote mbali na ule mstari, vyote vikifanya kazi sawa. Njia hiyo ya mkato haina madhara kwa nguzo inayosimama wima na kubeba uzito tu. Kwa nguzo inayopindwa, niliona, inahesabu nguvu ambayo haipo.

Jumapili baada ya misa nilitandaza karatasi ya milimita, yenye miraba midogo, juu ya meza ya dada yangu. Nikachora mduara, nikaukata vipande vyembamba kama mtu anavyokata kitunguu, nikapima upana wa kila kipande na umbali wake. Nikabahatisha mahali pa ule mstari, nikajumlisha mbano wa vipande vya zege na mvuto wa vyuma. Havikulingana. Nikausogeza mstari, nikaanza upya. Véronique alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, mlangoni, na kila kishindo cha mchi kiliirusha rula yangu. "Toa makaratasi yako, bukari inapoa," aliniita mara mbili, na mara ya tatu akaja mwenyewe akaiweka sahani juu ya mduara wangu. Nilikula nikihesabu. Jaribio la tano vililingana, na jibu lilikuwa baya: nguvu ya nguzo ilikuwa pungufu kwa karibu theluthi moja ya ile iliyoandikwa na injinia. Nilirudia tena kuanzia mwanzo nikitumaini nimekosea. Dada akaniuliza ninaumwa nini. Nikasema kichwa. Yeye akasema, akishika tumbo lake, kwamba wiki ijayo mwisho wa jua, watakaa kivulini, Mungu asifiwe. Nilisukuma sahani.

Leo watu huniuliza, hasa wajukuu zangu, kwa nini sikwenda moja kwa moja kusema. Hawajui ulikuwa wakati gani. Mimi nilikuwa mnakili, na aliyekosea alikuwa injinia wa kizungu, mtu aliyenifundisha hiyo hesabu yenyewe. Kama nimekosea, nimefukuzwa kwa ujinga na kiburi. Kama nimepatia, huenda nikafukuzwa kwa kiburi peke yake. Basi Jumatatu nilikwenda kwanza kwa Ramazani. Nilimkuta amechuchumaa akifunga waya, nikamwuliza kama anakumbuka, aliposimamisha vyuma ndani ya zile mbao za kumiminia zege, vinne vilitazama nyuma na vinne mbele?

Akainua uso. "Nyuma ya wapi?"

"Nyuma ya nguzo."

"Muloko, nguzo ya rond, mugongo yake iko wapi?" Akacheka, lakini alipoona sicheki akaacha. Akachukua kipande cha waya, akakikunja duara, akakizungusha kwa kidole. "Unaona? Tunashusha kizimba ya byuma mu mbao ya kofraji, bantu banasukuma, zege inaingia, kinazunguka. Nyingine chuma moja inaangalia nyuma. Nyingine mbili. Miye siwezi kujua, na weye hauwezi kujua. Kwa nini unauliza?"

Nilimweleza. Hakujua kusoma namba za rula, lakini aliyafahamu yote kabla sijamaliza, kwa sababu vyuma alivikunja kwa mikono kila siku na alijua ni kipi kinachokataa na ni kipi kinachofuata tu. Akaliangalia paa. "Bamama batakaa pale chini," akasema. "Enda useme. Leo."

Nilikwenda kwa Corbet siku ya pili yake, maana Jumatatu miguu ilinikatalia. Alikuwa amesimama karibu na lori. Nilijitahidi kusema kwa Kifaransa safi, nikamwonyesha karatasi yangu, nikasema tu kwamba huenda ikafaa miti isitolewe mpaka Monsieur Wauters aione. Hakuitazama karatasi. Alinitazama mimi, tangu viatu mpaka nywele. Aliniuliza ni chuo kipi cha Ubelgiji kilichonipa shahada. Halafu akasema miti ilikuwa itolewe Jumamosi, lakini kwa heshima yangu itatolewa kesho asubuhi, nipate kuja kuona zege linavyosimama. Wafanyakazi waliokuwa karibu waliinamisha vichwa. Masikio yangu yaliwaka moto. Alasiri ile nilipanda baiskeli mpaka hospitali ya Wazungu, mlinzi akanirudisha getini bila kunisikiliza.

Kulipopambazuka nilirudi, safari hii kwa mlango wa jikoni. Ferdinand, tuliyeimba naye kwaya, alikuwa msaidizi wa wauguzi pale. Akanipa sinia ya kahawa niishike ili nionekane nina shughuli, akanipitisha ukumbini mpaka mlango wa tano. Wauters alikuwa amelala, mweupe kama shuka, hajanyoa. Aliponiona na sinia alidhani anaota. Nilimpa karatasi kabla woga haujanirudia.

"Nani alikuruhusu kuzihesabu upya nguzo zangu?" aliuliza. Tulikuwa tukisemezana Kifaransa, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hakuna, Monsieur. Uliniambia nisafishe. Mahali hapa sikuweza."

Alisoma. Kahawa ilipoa juu ya kimeza. Niliyasikia magurudumu ya kitanda kikisukumwa ukumbini, na mtu akikohoa chumba cha pili. Kisha aliomba penseli, na akili yangu ikasema: sasa ananionyesha kosa. Na kweli alinionyesha. "Umeipinda nguzo, lakini hukuikandamiza," alisema. "Paa linapoielemea, linaikalia pia. Uzito huo unabana zege na kuvipunguzia vyuma mvuto. Umeusahau." Nilihisi sakafu inateleza. Nilikuwa nimekosea, nilikuwa nimemtukana bure. Lakini yeye aliendelea kuandika, akanitaka nisogeze ule mstari tena, nivihesabu vipande tena, nami nikafanya kazi nimepiga magoti kando ya kitanda, rula juu ya blanketi lake. Tulikaa hivyo karibu saa nzima. Mwisho alizungushia jibu duara, akafumba macho.

"Linasimama," alisema. "Paa peke yake, nguzo zinalibeba. Lakini likiongezewa chochote, maji ya mvua yaliyotuama, watu waliopanda juu, hakuna akiba. Hesabu yako ina kosa, na yangu ina kosa kubwa zaidi. Miti inatolewa lini?"

"Leo asubuhi, Monsieur."

Akafumbua macho. Aliandika maneno mawili kwa Corbet, herufi zikipindana hata nikaogopa Corbet atadai si mwandiko wake, akatia sahihi mara mbili.

Nilikanyaga baiskeli kuliko nilivyowahi kukanyaga maishani. Nilipokata kona ya zahanati nilisikia makelele, na kitu cha kwanza nilichoona ni paa, liko pale pale, na miti iko chini yake. Halafu nikaona watu. Ramazani na vijana wake sita walikuwa wamekaa chini ya paa, katikati ya miti, wamezunguka sufuria ya wali. Maseremala walisimama nje na nyundo zao, wamegoma kugonga hata mti mmoja wakati kuna watu chini. Corbet alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Toka! Wote mmefukuzwa!" alikuwa akipiga kelele kwa Kiswahili chake cha amri.

"Ndiyo, Bwana," Ramazani alimjibu kwa upole, akifinyanga tonge. "Tunamaliza kula, tunaenda."

Nilimpa Corbet barua. Aliisoma akiwa amenipa mgongo. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko maneno mawili yanavyohitaji. Kisha akaikunja, akawaambia maseremala waende kwenye kazi nyingine, na akaingia kwenye lori bila kusema neno kuhusu kufukuzwa kwa mtu yeyote. Ramazani alinisogezea sufuria. Nilitia mkono, nikautoa mtupu. "Kula," aliniambia. "Miye pia niliogopa. Nilikula tu sababu ya woga." Nimekwisha kukutana na watu wengi wenye ujasiri wa maneno. Yeye alikuwa na watoto watano nyumbani, na alikaa pale kwa sababu ya karatasi ambayo hakuweza kuisoma, iliyoletwa na kijana aliyemwamini.

Wauters alirudi kazini wiki ya pili yake, akitembea kwa fimbo. Uamuzi wake ulikuwa huu: tutaweka nguzo nyembamba za bomba la chuma kwenye ukingo wa mbele, ule uliokuwa unaning'inia. Lakini zisilisukume paa, kwa sababu zege lake halikutiwa vyuma kwa ajili ya kusukumwa kutoka chini. Ziishie chini kidogo ya zege, nafasi nyembamba kama ubapa wa kisu, zingoje tu. Paa lijibebe lenyewe siku za kawaida, na siku ya mzigo mkubwa likishuka lizikute pale. Mwenye kazi alilalamika sana. Alisema tumemharibia uzuri. Nilimsikia juu ya ukuta wa mbao, na nilimsikia Wauters akimjibu, "Kosa ni langu. Kijana wangu alilikuta kwa wakati." Nilibaki nimekodolea macho chupa ya wino. Sikuwahi kumwambia kwamba nilisikia.

Miti ilitolewa asubuhi moja yenye mawingu. Maseremala waligonga kabari moja baada ya nyingine kuanzia ukingoni kurudi nyuma, na kila mti ulioanguka ulinishtua. Mti wa mwisho ulipolazwa sote tuliinua macho. Paa lilikuwa limeshuka kidogo tu, jicho lisingeweza kuona. Wauters akanipa karatasi nyembamba ya kuchorea, nikaipitisha kati ya kila bomba na zege: ikapita, ikapita, ikapita, mpaka la mwisho. Paa lilikuwa linajibeba. Corbet aliichukua karatasi mkononi mwangu, akapita yeye mwenyewe bomba kwa bomba, kisha akarudia. Hakuniomba radhi, wala sikungoja. Lakini juma lile lile alikuja mezani kwangu na ramani ya mnara wa maji, akaweka kidole kwenye nguzo ya mviringo, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Na hii, umeiangalia?" Usiku huo nililala kama mtoto, na nikagundua kwamba kwa wiki tatu sikuwa nimelala.

Mvua ziliwahi mwaka ule. Véronique alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na siku aliyompeleka kupimwa kwa mara ya kwanza mbingu ilifunguka saa nne asubuhi, mvua ya mawe iliyopiga bati la ofisi hata tukashindwa kusemezana. Niliangalia dirishani, nikaona majani na matawi yakibebwa na maji, na nikajua matundu ya kutolea maji juu ya lile paa yameziba. Sikuomba ruhusa. Nilifika nimeloa mpaka mfupani. Chini ya paa palikuwa pamejaa, si wanawake wa zahanati tu, bali na wapita njia, wauza mahindi, baiskeli, mbwa, wote wamebanana. Maji yalikuwa yakimwagika juu ya ukingo kama yanavyofurika kwenye beseni, maana yake juu yetu palikuwa na kidimbwi kizima. Nilitoa karatasi ya kuchorea niliyoihifadhi kavu katikati ya daftari la mfukoni, nikajaribu kuipitisha juu ya bomba la kwanza. Haikupita. Bomba la pili, haikupita. Paa lilikuwa limeshuka, limekaa juu ya mabomba, limetulia. Hakuna ufa. Niliweka kiganja juu ya chuma baridi, nikakiacha hapo, na sikujali tena nani ananiona.

"Dona!" Dada yangu alikuwa ananiita kwa jina langu la nyumbani, amembeba mtoto kifuani, akijisukuma kupita kati ya watu. Kitenge chake kilikuwa kimenasa kwenye bolti ya bomba, na uso wake ulikuwa umekasirika. "Weye unafanya kazi na aba bantu. Nani aliweka hizi byuma hapa? Zinaziba njia, muntu hawezi hata kupita na mutoto! Uwaambie bazitoe."

"Ndiyo, Yaya," nilisema. "Nitawaambia." Nikamchukua mtoto, aliyekuwa amelala fofofo katika makelele yale yote, na nikasimama naye palepale chini mpaka mvua ikaisha.